Kuiga Mashine si Mchezo wa Kitoto

Sehemu hii ya Kiswahili ya gazeti letu kwa desturi huwa na insha juu ya safari, michezo na tabia njema. Leo naomba ruhusa niandike juu ya jambo lisilozoeleka katika kurasa hizi, yaani kuendesha emuleta katika kompyuta kuukuu za nyumbani. Najua wapo watakaotaka kugeuza ukurasa mara waonapo neno hilo. Nawasihi wavumilie kidogo, maana jambo lenyewe lamhusu kila mwanafunzi atakaye kujua kitu barabara, na kila mtu asiyependa kazi za watu zipotee.

Kwanza nieleze neno. Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta ya aina moja ijifanye kompyuta ya aina nyingine. Kila kompyuta ina prosesa, yaani ubongo wake, na kila aina ya prosesa ina lugha yake ya amri. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya prosesa moja haieleweki na prosesa ya aina nyingine, kama vile barua ya Kiganda isivyoeleweka na mtu ajuaye Kiacholi peke yake. Emuleta hukaa katikati kama mkalimani. Huisoma amri ya programu ngeni, huifasiri, hutenda kazi iliyotakiwa, kisha hurudi kusoma amri inayofuata. Programu ile ngeni haijui kabisa kwamba haiko nyumbani kwake.

Mimi ninayo kompyuta ya Amiga 1200, niliyoinunua imekwisha kutumika, na jioni nyingi huiwasha ili iige mashine nyingine za zamani. Wenzangu tuliosoma pamoja hunicheka sana kwa ajili hiyo. Wasema: kwa nini mtu mzima apoteze Jumamosi yake kuifanya mashine ya zamani ijifanye mashine nyingine ya zamani, hali simu iliyo mfukoni mwake ina nguvu kuliko zote mbili? Waniambia huo ni mchezo wa kitoto.

Nimewasikia, nami siwalaumu, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Maoni yangu ni haya: hapana njia bora ya kuijua mashine kuliko kuiga mashine, kwa sababu huwezi kuiga usichokijua, tena bila kazi hiyo mambo mengi yaliyoandikwa na watu katika kompyuta yatakufa pamoja na kompyuta zenyewe. Nitajaribu kuonyesha yote mawili.

Sina budi kueleza kidogo habari za Amiga kwa ajili ya vijana ambao hawajapata kuiona. Kompyuta ya kwanza ya jina hilo ilionyeshwa na kampuni ya Commodore mjini New York tarehe 23 Julai 1985. Siku ile mchoraji mashuhuri Andy Warhol aliitumia mbele ya watu kuchora picha ya mwimbaji Debbie Harry. Chipu zake za pekee zilibuniwa na mafundi walioongozwa na Jay Miner, na kila moja ilikuwa na kazi yake: nyingine picha, nyingine sauti, ili prosesa isichoke na kazi zote. Mwaka 1987 ilikuja Amiga 500, na hiyo ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi za Uingereza na Ujerumani. Amiga 1200 ilitoka mwaka 1992. Mwezi wa Aprili 1994 Commodore ilifilisika.

Tangu siku zake za mwanzo Amiga ilikuwa mashine yenye tamaa ya kuwa kila kitu. Mwenye Amiga alikuwa na picha na muziki mzuri, lakini programu za kazi za ofisi zilikuwa nyingi zaidi katika mashine za IBM na Macintosh. Hapo ndipo watu walipoanza kuandika emuleta kwa bidii. Nitataja mifano mitatu tu, maana kila mmoja una funzo lake.

Mfano wa kwanza ni Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982 iliyonunuliwa na mamilioni ya watu. Ni ndugu mkubwa wa Amiga, wameuzwa na kampuni moja, lakini hawasemi lugha moja. Commodore 64 ina prosesa ya 6510. Amiga ina prosesa ya Motorola ya ukoo wa 68000. Sasa tufanye hesabu kidogo. Prosesa ya Commodore 64 ya Ulaya hupiga mapigo 985,248 kwa sekunde moja. Ile ya Amiga 500 ya Ulaya hupiga mapigo kama 7,090,000. Mtu asiyefikiri atasema, basi Amiga ni mwepesi mara saba, ataweza kumwiga ndugu yake bila taabu.

Lakini tazama. Amri fupi kabisa ya Commodore 64 humalizika kwa mapigo mawili. Katika muda huo Amiga 500 ina mapigo kumi na manne tu. Na amri fupi kabisa ya prosesa ya 68000 hula mapigo manne. Kwa hiyo Amiga ina nafasi ya kutenda amri tatu fupi, wala haipati ya nne. Kwa amri tatu hizo itakiwe kusoma amri ngeni, kuitafuta katika orodha, kuruka mpaka mahali pa kuifasiri, kuitenda, kuandika alama za matokeo yake, na kuhesabu muda uliopita. Na hiyo ni kazi ya prosesa tu. Bado haijachora nukta moja katika skrini. Kila msomaji aliyepita darasa la hesabu aona mara moja kwamba haiwezekani kwa mwendo wa kawaida.

Sisi tuliosoma shule hii twalijua jambo hili kwa miili yetu. Mtoto aliyeanza kujifunza Kiswahili akiwa mkubwa husikia swali, hulifasiri moyoni kwa lugha ya mama, hutafuta jibu kwa lugha ya mama, kisha hulirudisha katika Kiswahili. Mwalimu amekwisha kumwita mwingine. Si kwamba mtoto yule hana akili. Kazi yake ni mara nne ya kazi ya mwenzake aliyekulia pwani.

Mjerumani mmoja, Christian Bauer, aliandika emuleta ya Commodore 64 iitwayo Frodo, na mashine aliyoiandikia kwanza ilikuwa Amiga. Niliijaribu katika Amiga 1200 yangu, ambayo ni nyepesi kuliko Amiga 500, na muziki wake ukatoka kama wimbo wa mtu anayesinzia. Hata hivyo nilijifunza kwake jambo ambalo sikulijua. Chipu ya picha ya Commodore 64 huchora skrini mstari baada ya mstari, mistari 312, mara hamsini kwa sekunde, na kila mstari huchukua mapigo 63. Waandishi hodari wa programu walizoea kubadili rangi katikati ya uchoraji, wakingoja mstari fulani ufike. Kwa hila hiyo mashine iliyopewa rangi chache ilionekana kana kwamba ina uwezo ambao hata waliyoiunda hawakuutaja. Basi mwenye kuiga hawezi kusema, "Skrini ina rangi ya buluu." Hapana budi ajue ilikuwa buluu mpaka mstari gani, na katika pigo la ngapi iligeuka. Ndiyo maana Frodo ilitolewa kwa namna zaidi ya moja: namna moja huhesabu mstari kwa mstari, nayo ni nyepesi, nyingine huhesabu pigo kwa pigo, nayo ni nzito lakini ni kweli zaidi.

Je, ni kitabu gani kingenifundisha hayo kwa uwazi kama huo? Nimesoma vitabu kadhaa juu ya Commodore 64. Vilinipa majina ya sehemu zake. Lakini ni kule kuona picha ikivunjika kwa kukosea pigo moja kulikonionyesha kwamba mashine ni muda pamoja na sehemu.

Mfano wa pili ni Macintosh. Hapa mambo ni kinyume kabisa. Macintosh za zamani na Amiga zilikuwa na prosesa ya aina moja, Motorola 68000, na mwendo wao ulikaribiana. Lugha yao ni moja. Ni desturi za nyumba tu zinazotofautiana. Ni kama mgeni anayesema lugha yako mwenyewe, lakini amezoea jiko liwe upande wa kushoto na mlango uelekee mashariki. Huhitaji kumfasiria neno. Kazi yako ni kumpangia nyumba. Emuleta iliacha amri za Macintosh zipite moja kwa moja katika prosesa ya Amiga, ikashughulika na skrini, kibodi na diski peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya ReadySoft iliuza chombo kiitwacho A-Max, ambacho mnunuzi alikichomeka nyuma ya Amiga. Katika miaka ya 1990 Bauer yule yule alitoa ShapeShifter, nayo ni programu tupu isiyohitaji chombo. Mimi huiendesha mpaka leo, nikiwa nimeiongezea Amiga yangu kumbukumbu, maana ile iliyotoka nayo kiwandani haitoshi. Huendesha Macintosh upande mmoja, na programu za Amiga zaendelea na kazi zake upande wa pili, kama wapangaji wawili wanaopatana. Taabu niipatayo ni ya macho. Skrini ndogo ya Macintosh ya kwanza ilikuwa na mistari 342, hali Amiga ya Ulaya kwa kawaida huonyesha 256. Kwa televisheni ya kawaida, ili kuonyesha zaidi hapana budi ichore nusu ya mistari, kisha nusu ya pili, na picha hutetemeka. Baada ya saa moja macho hutoka machozi.

Mfano wa tatu ni kompyuta ya IBM PC. Lugha ya prosesa yake ni ngeni kabisa kwa Amiga. Programu iitwayo Transformer ilijaribu kuiiga katika Amiga ya kwanza, na ilikwenda polepole mno. Basi mwaka 1986 Commodore yenyewe ikatoa sanduku liitwalo Sidecar, ambalo lilifungwa ubavuni mwa Amiga 1000. Ndani yake mlikuwa na prosesa halisi ya 8088, ile ile ya PC. Huko si kuiga tena, ni kumkaribisha mgeni mwenyewe na kumpa chumba chake. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye fedha. Lakini mwenye sanduku la Sidecar hakujifunza lo lote juu ya prosesa ya 8088 kwa kuwa nalo, kama vile mtu aliyeajiri mkalimani asivyojifunza lugha.

Sasa niwajibu wale wanaonicheka. Wa kwanza husema: "Ukitaka kuiga, iga katika kompyuta ya kisasa yenye nguvu." Nakubali kwamba kwa mtu atakaye tu kutumia programu ya zamani, hiyo ndiyo njia ya busara. Lakini kwa mwanafunzi, nguvu nyingi ni kama fedha nyingi kwa kijana asiyejua kuhesabu. Kompyuta ya kisasa husamehe uzembe wote. Ukiandika emuleta ovyo, ikatumia amri mia mahali pa kumi, mashine ya leo haitalalamika, nawe utadhani umeandika vizuri. Amiga haisamehi. Kila pigo lililopotea huliona kwa macho yako, na kulisikia katika muziki unaochechemea.

Wa pili husema: "Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Emuleta si kitu chenyewe." Mgala muue na haki yake mpe: nao wana haki yao. Emuleta haikupi kibodi ile nene ya Commodore 64 chini ya vidole, wala mwanga wa televisheni ya zamani. Tena emuleta isiyokamilika huweza kudanganya, ikaonyesha programu isivyokuwa, na msomaji wa kesho akaamini. Kwa hiyo sisemi tutupe mashine zenyewe tubaki na maigizo. Nasema kinyume chake: mashine yenyewe ni shahidi. Ikiwapo bado hai, mwiga aweza kulinganisha kazi yake na kitu halisi na kusahihisha. Ikiisha kufa, hana wa kumwuliza. Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hapo nafika katika jambo lililo zito kuliko yote. Mashine hizi zinakufa. Amiga 500 ya kwanza imepita miaka thelathini na mitano. Vibweta vidogo vya umeme vilivyo ndani ya Amiga 1200 huvuja maji makali yanayokula ubao. Disketi nazo huandikwa kwa sumaku, na sumaku hufifia. Vilivyoandikwa humo, viwe michezo, muziki, barua au hesabu za biashara, vitakwenda navyo.

Mtu asidhani natia chumvi. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilifanya kazi kubwa ya kukumbuka miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ambacho mfalme William wa Kwanza aliamuru kiandikwe ili ajue mali yote ya nchi yake. Safari hii walioandika walikuwa watu wa kawaida, na wengi wao wanafunzi wa shule. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki. Watoto walieleza vijiji vyao, chakula chao, michezo yao, na hofu zao. Maandishi na picha zikatiwa katika diski kubwa za leza, zilizosomwa na kompyuta ya ukoo wa BBC Micro iliyounganishwa na chombo cha pekee. Kompyuta ya BBC Micro ilikuwa katika shule nyingi za Uingereza na katika nyumba nyingi pia.

Haikupita miaka ishirini, vyombo vya kusomea diski zile vikawa adimu mno. Kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, chasomeka mpaka leo na kila ajuaye Kilatini. Maandishi ya watoto wa mwaka 1986 yalikuwa karibu kufungwa milele. Mwaka 2002 wataalamu wa mradi uitwao CAMiLEON, wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, walionyesha emuleta iliyoiiga kompyuta ile pamoja na chombo chake cha diski, na maandishi yale yakaonekana tena. Nawaomba wanafunzi mfikiri jambo hilo. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliandika kwa bidii juu ya kijiji chake, akaambiwa maneno yake yatadumu kama kitabu cha mfalme. Bila watu wenye subira ya kuiga mashine, ahadi ile ingekuwa uongo.

Mfano mwingine watuhusu sisi wapenda Amiga. Andy Warhol niliyemtaja aliendelea kuchora kwa Amiga baada ya siku ile ya New York, na disketi zake zikawekwa katika makumbusho yake mjini Pittsburgh. Alifariki mwaka 1987. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kilichomo. Msanii Cory Arcangel aliulizia habari zake, na klabu ya kompyuta ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon ikaifanya kazi ya kunakili disketi kwa uangalifu. Walikuta picha zimehifadhiwa kwa mtindo wa kigeni wa programu ya siku za mwanzo kabisa, ambao programu za baadaye hazikuufahamu, ikawabidi waufumbue wenyewe. Mwaka 2014 dunia iliona picha hizo. Angalieni vizuri: waliofanya kazi hiyo walikuwa klabu ya chuo, vijana waliozoea kuchezea mashine kuukuu, mchezo ule ule unaoitwa wa kitoto.

Na Amiga yenyewe sasa imekuwa ya kuigwa. Mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya kufilisika kwa Commodore, Mjerumani Bernd Schmidt alitoa emuleta ya Amiga iitwayo UAE. Hapo kwanza herufi zile zilisimama badala ya maneno yenye maana ya "Emuleta ya Amiga Isiyofaa Kutumika", kwa kuwa kwa kweli ilikuwa haifai. Hakuona aibu kuitoa na jina hilo. Wengine wakaipokea, wakasahihisha, wakaongeza, na leo watoto wake hutumika dunia nzima. Kama angalingoja iwe kamili, pengine tusingekuwa nayo.

Yafaa pia niseme neno juu ya uaminifu, maana jambo hili lina mtego wake. Kila kompyuta ya namna hii ina ROM, yaani kumbukumbu isiyofutika iliyoandikwa kiwandani. Katika Amiga huitwa Kickstart. ROM hiyo ni kazi ya watu, ina wenyewe, na emuleta nyingi haziendi bila nakala yake. Mahakama ya rufani ya Marekani iliamua mwaka 2000, katika kesi ya Sony na Connectix, kwamba kampuni iliyochunguza mashine ya mwenzake ili kuandika emuleta yake yenyewe haikuvunja sheria. Kuiga kwa kujifunza si wizi. Lakini kuchukua ROM ya mtu na kuigawa ovyo ni jambo jingine. Chombo cha A-Max kilifanya vyema katika hilo: kilikuwa na nafasi tupu, na mnunuzi alitakiwa kutia humo ROM halisi za Macintosh alizozipata mwenyewe. Mimi nilitafuta Macintosh kuukuu iliyo nzima kabla ya kuendesha ShapeShifter, nikanakili ROM yake kwa matumizi yangu. Kickstart nayo huuzwa kwa halali mpaka leo pamoja na emuleta ya Amiga. Tena wapo waliojitahidi kuandika ROM nyingine ya bure kutoka mwanzo, wakiiga matendo ya ile ya kwanza bila kunakili maneno yake. Kazi hiyo ni ngumu zaidi, na heshima yake ni kubwa zaidi.

Mtaniuliza: "Sisi tulio shuleni tufanye nini? Hatuna Amiga, wala hatuna Commodore 64." Jibu langu ni kwamba hamhitaji. Katika miaka ya 1970 Joseph Weisbecker wa kampuni ya RCA alibuni kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo COSMAC VIP, pamoja na lugha ya amri iitwayo CHIP-8 kwa ajili ya kuandika michezo. CHIP-8 ni mashine ya kufikirika. Haina chipu yake popote. Ina amri 35 tu, kumbukumbu ya baiti 4,096, rejista 16 za kuwekea namba, na skrini ya nukta 64 kwa 32. Kila amri ni baiti mbili. Huandikwa kwa hesabu za msingi wa 16, ambazo mwalimu wa hesabu aweza kuzieleza kwa kipindi kimoja.

Mashine hiyo mwaweza kuiiga kwa penseli. Chukueni daftari la miraba. Chora visanduku 16 viwe rejista, na mraba wa 64 kwa 32 uwe skrini. Amri 6A05 maana yake ni: tia 5 katika rejista A. Andika 5. Amri inayofuata ni 7A03, maana yake: ongeza 3 katika rejista A. Futa 5, andika 8. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Mmoja asome amri, wa pili ashike rejista, wa tatu achore. Watu watatu na daftari moja mmekwisha kuwa emuleta. Mtaenda polepole kuliko Transformer, lakini kila tendo mtalijua. Baadaye, mkipata zamu katika chumba cha kompyuta, andikeni kazi hiyo hiyo kwa lugha yoyote ya programu mnayofundishwa. Mtakuta hamna la kubuni; mnaandika tu yale mikono yenu iliyokwisha kuyafanya.

Kwa ndugu zangu wanafunzi wa zamani nina ombi. Wengi wetu tumefanya kazi katika maofisi, maduka na mashule ambayo kompyuta zake za kwanza zilikwisha kubadilishwa mara tatu au nne. Katika makabati yetu mna disketi ambazo hatujazisoma kwa miaka mingi: labda orodha za vyama vyetu, labda hesabu, labda barua za marehemu. Msizitupe, wala msizihifadhi tu kama hirizi. Zinakilini sasa, hali bado wapo watu na vyombo vya kuzisoma. Na yeyote mwenye kompyuta kuukuu ambayo hata wajukuu hawaitaki, aiulizie klabu ya kompyuta ya shule kabla ya kumpa mwuza vyuma. Ubao wake ukiwa mbovu bado wafaa kufundishia. Ukiwa mzima, wafaa kuwa shahidi.

Na wanafunzi watakaomaliza mashine ya daftari wampelekee mhariri kurasa zao. Itafaa sana toleo lijalo likiwa na skrini moja ya CHIP-8 iliyochorwa kwa mkono, na majina ya watatu walioichora yaandikwe chini yake.

Mwanafunzi wa Zamani